Barua kwa Zaituni kuhusu kuvu zinazoua wadudu

Lugazi,
12 Mei 2024

Mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sote tu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unapouliza kama ukungu mweupe uliomfunika yule fukusi kwenye migomba ya shemeji ndio uleule unaoua sisimizi msituni. Si uleule, na sababu yake imenikaa moyoni kiasi kwamba siwezi kukujibu kwa mistari miwili.

Jumamosi iliyopita nilikuwa msitu wa Mabira. Chini ya jani la kichaka, kimo cha goti hivi, nilimkuta sisimizi mkubwa mweusi amekufa huku taya zake zikiwa zimeuma mshipa wa kati wa jani, na nilipomgusa kwa kijiti hakudondoka. Nyuma ya kichwa chake kilikuwa kimeota kikonyo chembamba kama uzi, na ubavuni mwa kikonyo hicho palikuwa na kinundu cha kahawia, mahali ambapo mbegu za kuvu hukomaa kabla ya kumwagika chini, wanakopita sisimizi wenzake. Kuvu hiyo ni ya kundi liitwalo Ophiocordyceps unilateralis. Kwa zaidi ya miaka 100 jina hilo moja lilibeba kuvu za Asia, za Afrika na za Marekani ya Kusini, kana kwamba zote ni za tumbo moja.

Mwaka 2011 mtafiti wa kuvu Harry Evans na wenzake walionyesha kwamba katika misitu ya Minas Gerais, nchini Brazili, jina hilo lilikuwa limeficha spishi nne, kila moja na sisimizi wake wa jenasi Camponotus. Zilitofautiana katika umbo la mbegu na katika namna mbegu hizo zinavyoota zikishaanguka. Fikiria maana yake, Zaituni. Kuvu inayommudu vizuri sisimizi fulani ndiyo inayozaa, na mbegu zake huangukia tena njia za sisimizi wa aina ileile. Vizazi vikipita, kuvu ya huyu na kuvu ya jirani yake hazikutani tena kuzaliana, hata kama zinaota hatua tatu tu kutoka moja hadi nyingine.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilinigusa zaidi. Watafiti waliwadunga sisimizi wa aina mbalimbali kuvu ya kundi hilo, nayo ikawaua hata wale isiowazoea, lakini waliouma kabla ya kufa walikuwa wa aina zile tu ambazo kuvu hiyo huziambukiza porini. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye fundo lenyewe: kuua si kazi ngumu, bali ustadi wa kumwongoza mdudu hadi mahali pa kumwaga mbegu ndio unaoifunga kuvu kwa mwenyeji mmoja.

Sasa fukusi wenu. Kwa jinsi ulivyoueleza ule weupe, kama unga unaoanzia kwenye maungio ya miguu, karibu hakika ni kuvu iitwayo Beauveria, jamaa ya ile ambayo Agostino Bassi alionyesha mwaka 1835 kwamba ndiyo iliyokuwa ikiua viwavi wa hariri Italia. Beauveria bassiana haichagui. Huambukiza mamia ya spishi za wadudu. Kinachozitenganisha zaidi kuvu za namna hii ni makazi. Huko Ontario, Kanada, Metarhizium, kuvu nyingine inayoua wadudu, ya udongo wa msituni na ile ya udongo wa mashambani zilikutwa ni makundi mawili ya kinasaba, moja likistahimili baridi na jingine joto, bila kujali mdudu gani aliuawa.

Usidhani haya ni mambo ya maabara tu. Nzige walipoingia Karamoja, hapa kwetu Uganda, mwaka 2020, wanajeshi wetu walipulizia kemikali, na kemikali haibagui nzige na nyuki. Mwaka huohuo Somalia walitumia Metarhizium acridum, ambayo hushambulia nzige na panzi na kuwaacha nyuki salama. Hadi mwaka 2009 kuvu hiyo ilihesabiwa kuwa tawi tu la Metarhizium anisopliae, inayoua wadudu wa kila namna. Ndiyo maana nakerwa nikiona kibandiko kilichoandikwa "kuvu ya wadudu" na basi.

Kwa hiyo nakuomba, ukipata mwingine, usimtenge mdudu na kuvu yake. Mfunge kwa karatasi, si kwa kaveera (mfuko wa plastiki), maana unyevu utamwozesha, kisha uandike jina la mdudu, mmea aliokuwapo, kimo kutoka ardhini na tarehe. Nitapita kwenu mwezi wa saba niwachukue mwenyewe, na wa Mabira nitakuja naye, angali ameliuma jani lake.

Wako akupendaye,
Rehema