Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: mwachieni hakimu nafasi ya kupima adhabu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Mimi ndiye niliyeibiwa. Nalitanguliza hilo usije ukadhani namtetea ndugu yangu.

Mbuzi wangu jike, mwenye mimba, alichukuliwa usiku. Asubuhi nilikuta kipande cha kamba ya katani kimebaki kwenye mwembe, kimekatwa kwa kisu. Jioni yake kijana alikamatwa naye njiani kuelekea Ujiji. Mbuzi nikarudishiwa mzima, na baadaye akazaa mapacha. Kijana namfahamu, alikuwa akibeba magunia ya dagaa pale Kibirizi. Alikiri kosa siku ya kwanza tu. Ndipo mwendesha mashtaka akafungua jalada na kusoma kosa lake la nyuma: wizi wa baiskeli, akiwa na miaka 19, kifungo cha miezi 6. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka 8.

Niliomba ruhusa ya kusema, nikapewa. Nikasema mbuzi wangu nimempata, huyu afungwe mwaka mmoja, akitoka aje anilimie shamba. Hakimu alivua miwani, akakaa kimya.

"Mzee, nimekusikia. Lakini sheria inaanzia miaka 5."

Akampa 5.

Mheshimiwa, yule hakimu simlaumu. Wizi wa mbuzi kwa sheria zetu ni wizi wa mifugo, na Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya mwaka 1972 imeweka kiwango ambacho yeye hawezi kushuka chini yake. Ile miaka 8 ya kubeba magunia bila kugusa cha mtu haikuwa na mahali pa kuingia.

Sasa huku mitaani nasikia watu wakitaka zaidi: anayerudia kosa aongezewe miaka papo hapo, bila mjadala. Hasira yao naielewa. Mvuvi aliyeibiwa injini ya boti mara mbili huwezi kumweleza habari za huruma. Ila ninachoogopa ni hesabu ya lazima, ya kosa la pili miaka kadhaa, la tatu maisha, hakimu akabaki kujumlisha tu.

Wenzetu wa California, Marekani, walipita njia hiyo mwaka 1994. Leandro Andrade aliiba kanda 9 za video kutoka madukani, thamani yake kama dola 150. Kwa sababu ya makosa yake ya nyuma alifungwa miaka 50 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha adhabu hiyo isimame. Lakini wao wenyewe walikwisha kuanza kulegeza. Mwaka 1996 mahakama ya juu ya jimbo ilisema jaji anaweza kuliweka kando kosa la zamani pale haki inapodai hivyo. Mwaka 2012 wananchi wakapiga kura kwamba, kwa kawaida, kosa la tatu lazima liwe zito au la ukatili ndipo mtu afungwe maisha.

Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ya mwaka 2023 imeshafungua mjadala wa haki jinai nchini. Mtakapogusa adhabu, naomba sheria imlazimishe hakimu kuangalia: kosa la nyuma ni la lini, linafanana na la sasa, mali imerudi, aliyeibiwa anasemaje. Kisha imwachie aamue, na aandike sababu zake. Asiyeridhika, awe Jamhuri au mshtakiwa, akate rufaa. Kigoma siku hizi tuna Mahakama Kuu, hatulazimiki tena kupanda treni hadi Tabora. Na yule anayerudia kuvamia watu kwa mapanga, hakimu huyo huyo atamwona alivyo na kumfunga miaka mingi.

Mkikusanya maoni ya wananchi, niiteni. Nitakuja kama nilivyokuwa kwenye kesi ile: shahidi wa upande wa mashtaka.

Mkulima na mfugaji,
Mwandiga, Kigoma