Marubani hawa tuwakumbuke

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila nikisikia mafuriko namkumbuka Rosita, yule mtoto aliyezaliwa juu ya mti Msumbiji mwaka 2000, mto Limpopo umefurika, mama yuko na uchungu na maji yanapita chini yake, mhudumu wa afya wa jeshi akashushwa kwa waya kutoka kwenye helikopta akawasaidia palepale kisha wote wakavutwa juu. Mi mpaka leo inanitoa machozi. Zile zilikuwa helikopta za jeshi la anga la Afrika Kusini, akina Oryx, na kwenye mafuriko yale ziliokoa watu zaidi ya 14,000, wengine waling'ang'ania mapaa na matawi siku kadhaa bila chakula.

Na haikuwa mara yao ya kwanza, Agosti 1991 meli ya Oceanos ilizama pwani ya Transkei, Afrika Kusini, nahodha keshaondoka abiria wengine bado wamo, helikopta 16 zikapokezana kwenye upepo mkali, wengine wakaokolewa kwa boti, mpaka watu wote 571 wakapona, wote kabisa!

Gazeti lenu lituandikie basi kuhusu marubani hawa na mafundi wa winchi wanaoning'inia kwenye waya.