Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: ada ni nafuu, Dar ndio haishikiki

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa tatu, chuo cha umma hapahapa Dar, jina la chuo naliacha maana bado nataka kuhitimu salama. Ada yetu ukiilinganisha na anayolipa binamu yangu chuo binafsi ni afadhali mno, na mwaka 2022 mkatupandishia hela ya kula na kulala kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, tuliona na tunashukuru. Tatizo ni mji.

Nilipokuwa fesi yia, yaani mwaka wa kwanza, hosteli nilikosa, bumu nalo, ndiyo hiyo hela ya mkopo ya kula na kulala, likaja kuingia chuo kina wiki ya nne tangu kifunguliwe, na mwenye nyumba Msewe, mtaa wa jirani na chuo, anataka kodi ya miezi 6 mkononi, chumba cha 70,000 hapo ni laki nne na ishirini hujanunua hata ndoo. Nikakaa kwa shangazi Mbagala. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kipindi cha saa moja asubuhi natoka saa kumi na nusu alfajiri. Desemba 2023 hata ruti fupi kabisa ilipanda hadi 600, ya mwanafunzi ilikuwepo ya 200 ila konda aliijua sare ya shule tu. Siku moja nikamtolea kitambulisho cha chuo, akacheka gari zima likasikia, "denti gani una ndevu kuliko dereva?" Nikalipa.

Nikaona bora kubebana. Jamaa yangu ana kitanda hosteli, kile chembamba cha chuma, tukawa tunalala mzungu wa nne, miguu yake puani kwangu, mlinzi akipita koridoni nabana pumzi. Mitihani ilipofika akaniomba nimpishe alale vizuri, na kitanda ni chake, ningesemaje, basi usiku wangu ukawa kwenye kimbweta, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, desa la notsi ndio mto na zege ndio godoro. Semista ile nikala supu mbili, na sio za kongoro mheshimiwa, ni mitihani ya kurudia.

Nyongeza siombi. Naomba bumu la kwanza la fesi yia liingie kabla chuo hakijafunguliwa, hata wiki 2 tu, kijana ashuke stendi ana kodi mfukoni. Najua mtasema mpaka asajiliwe kwanza ndio alipwe, sawa, lakini siku hizi kila kitu si tunajaza kwenye simu, ajisajili akiwa kwao Nzega huko. Hela ni ileile, tena ni mkopo tutaurudisha na makato yake, hapa nazungumzia tarehe tu.

Mdogo wangu kachaguliwa chuo hikihiki, anaripoti Oktoba. Nimeshamwambia asihangaike na godoro, atakuja geto kwangu, chumba nilichopanga sasa, tubebane.

Wako,
Mwanachuo, Msewe