Tusiwaishilize wanafunzi kwenye atomu ya mwaka 1913

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mchoro ambao wanafunzi wetu wa sekondari hapa Uganda huunakili wanapofundishwa atomu: kiini katikati, na elektroni zikikizunguka katika njia za mviringo. Mchoro huo unatokana na pendekezo la mwanafizikia Niels Bohr la mwaka 1913, lakini wengi huupokea kana kwamba kuna mtu aliyeichungulia atomu akaziona njia hizo.

Kinachokosekana ni sababu zilizowafikisha wanasayansi kwenye mchoro huo. J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897, alidhani kwamba zimetawanyika ndani ya tufe lenye chaji chanya. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Iliangushwa na Geiger na Marsden, wasaidizi wa mwanafizikia Ernest Rutherford huko Manchester, Uingereza, waliporusha chembe za alfa (chembe ndogo zenye chaji chanya) kwenye bamba jembamba mno la dhahabu na kuona chache kati yake zikirudi zilikotoka, jambo ambalo chaji iliyotawanyika isingeweza kulisababisha. Mwaka 1911 Rutherford alihitimisha kwamba chaji chanya na karibu uzito wote wa atomu vimo katika kiini kidogo sana.

Hapo ndipo palipozuka tatizo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo tamu kuliko yote kulifundisha: kwa kanuni za fizikia za wakati ule, elektroni inayozunguka ingepoteza nishati kwa kutoa mwanga, ikaangukia kwenye kiini kufumba na kufumbua, na kusingekuwa na atomu inayodumu. Bohr alijibu kwa ujasiri, pengine kwa ukaidi, kwamba elektroni hukaa katika viwango maalumu tu vya nishati. Hesabu zake zililingana barabara na mistari ya mwanga wa haidrojeni (rangi maalumu zinazoonekana mwanga huo unapotenganishwa), lakini kwa heli, yenye elektroni mbili tu, zikagoma. Kufikia mwaka 1926, kwa kazi za wanafizikia Schrödinger na Born, njia za mviringo zilikuwa zimeachwa, na mahali pake ukawekwa uwezekano wa kuikuta elektroni hapa au pale.

Sisemi mchoro wa Bohr ufutwe, kwa maana bado unasaidia kueleza jinsi sodiamu inavyoungana na klorini. Hata hivyo, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi afikiri kuliko kukariri. Basi watungaji wa mitihani wamuulize pia ni jaribio gani lililoiangusha atomu ya Thomson, na kwa nini.

Mwalimu wa sayansi,
Arua