Kaka, hukuniuliza nilikuwa nikifanya nini juu ya ngazi

Shikamoo Kaka.

Maneno uliyoyasema kwenye harusi ya mwanao uliyasemea kwenye kipaza sauti, mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo nami nakujibu mbele ya watu. Ulisema wewe ndiye uliyenitoa kwenye ngoma za Bagamoyo ukanifanya mhandisi, na wazee wakapiga makofi. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mimi, hata hivyo, nimewamba ngoma kwa mikono yangu, nikaisogeza motoni mpaka ngozi ikakaza na sauti ikapanda, na hapo ndipo nilipouelewa mkazo, kabla mhadhiri yeyote hajaniandikia kanuni yake ubaoni.

Chuo kile cha Sanaa cha Bagamoyo hukukijua. Kilianzishwa mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa na wasanii wake kugeuka walimu, na kwangu hilo lilikuwa jaribio kubwa: mtu aliyezoea kucheza alitakiwa kukieleza kile ambacho mwili wake ulikijua bila maneno. Tulisoma mambo mengi, lakini mimi nilizama kwenye ufundi wa jukwaa. Usiku nililala nikihesabu jinsi uzito wa paa la makuti la ukumbi wetu ulivyoshuka kutoka kwenye fito hadi kwenye kombamoyo, ile miti inayobeba fito, ukapita kwenye mti wa mwamba na nguzo mpaka ardhini.

Ndipo ukaja. Ulisimama mlangoni mwa ukumbi, ukaniita nishuke kwenye ngazi, ukaniuliza mbele ya wenzangu kama Mama anauza maandazi ili mimi nicheze ngoma. Nilishuka. Ulinilipia nauli, ukaninunulia chipsi, kisha hukusema neno tena mpaka tukafika Mwenge. Najua uliacha shule ili mimi nisome, Kaka, na viatu nilivyovaa siku ile vilikuwa vyako, hilo sitalisahau. Lakini Jumatatu nilirudi nikamaliza masomo yangu, na sehemu hiyo hukuisema harusini. Hata ukumbi ule ulipoungua mwaka 2002, nikiwa tayari nasomea uhandisi, nililia, wewe ukasema ni makuti tu.

Sasa nasikia mdogo wake bibi harusi anataka kusomea sanaa. Usimfuate huko. Mwulize anafanya nini, kisha msikilize mpaka amalize. Asije akaficha kama nilivyoficha mimi, maana mimi Mama sikumdanganya: nilimwambia nimepata chuo, na ni kweli nilikuwa nimepata, ila sikutaja cha nini, kwa kuwa ningetaja mngenizuia, na nusu ya ada niliilipa mwenyewe kwa kufunga taa kwenye sherehe za watu.

Siku ile juu ya ngazi nilikuwa nimeshika taa ya nne. Tulikuwa tumeagizwa kufunga taa sita kwenye boriti moja. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku, nikaona boriti ingepinda, na nilikuwa nikizigawa kwenye boriti mbili. Uliponiita nilikuwa nimebakiza mbili.