Mwanangu, kitoweo cha mwaloni usipokee

Marahaba mama, shikamoo yako niliiona kwenye meseji. Najua saivi unafunga mizigo na jumatatu unaripoti Nansio kuanza kazi ya afisa uvuvi, nimeona niandike maana kwenye simu unaniambia sawa baba, sawa baba, halafu unakata.

Tulikotoka unapajua, sirudii. Nina neno moja tu, kitoweo. Usipokee kitoweo cha bure mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hata siku moja.

Utasema baba, samaki wawili tu jamani. Mimi nimevua hapa Igombe toka kijana, najua afisa anavyoharibika, haanzi na milioni. Anakuja alfajiri mitumbwi inaingia, anasalimia vizuri, anauliza ziwa limeamkaje, mtu anamchagulia sato watatu wanene anawatunga kwenye kamba, anamwambia mkuu chukua kitoweo cha watoto. Hakuna aliyeomba. Kesho hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo. Siku inafika yule mwenye sato ana timba, zile nyavu haramu, kwenye mtumbwi, afisa anafunua turubai anaikuta, anafanyaje sasa na samaki wa mtu wako tumboni? Anafunika. Na kwa vile ofisini wanataka kesi itabidi amkamate mwingine, na huyo mwingine ni yule maskini asiyekuwa na samaki wa kutoa. Hapo sheria ishakufa na upendo umekufa siku hiyohiyo, na yote yameanza na sato watatu.

Halafu hii klipu inayozunguka wasapu, sijui ni ya wapi, afisa kampigisha magoti mzee wa umri wangu nyavu kichwani na vijana wanarekodi. Mama yako aliniambia zima. Nikakumbuka ulivyosema mezani jumapili ile kwamba wavuvi haramu dawa yao ni viboko. Kauli ile haikunipendeza kabisa, nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Hao unaowasema ndo walionunua na kuuza na mama yako pale Mwaloni Kirumba mpaka ada yako ya chuo cha uvuvi, FETA Nyegezi, ikapatikana.

Sikuambii ulegeze sheria mama, usije ukanielewa vibaya. Sangara wa chini ya sentimita 50 hajafaa kuvuliwa, hilo hata bila darasa lenu tunalijua, na kokoro, ule wavu wa kuburuta, linafagia mpaka mazalia, kijana anayelivuta leo ndo atakayelia njaa kesho. Sheria ikikazwa vizuri ni upendo tosha. Huko huko Ukerewe unakoenda, MV Nyerere ilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101, na waliokufa peke yao walipita 200. Angekuwepo mtu mmoja wa kusema basi inatosha, hapandi mwingine, watu wangemtukana na wangemlaani, lakini wangefika kwao. Kwahiyo kamata inapobidi kukamata. Ila unapokamata kumbuka umemshika mtu, mwite mzee kama ni mzee, mwandikie karatasi yake, mweleze kosa lake lugha anayoielewa, usimtukane mbele ya wanawe.

Na uangalie unamkamata nani. Nyavu ni za tajiri, injini ni ya tajiri, anayelala lokapu ni kibarua anayegawiwa hela ya chumvi. Ukiwakamata vibarua kila siku na tajiri anakupungia mkono mjini hapo hujafanya kazi bado, ulizia mali ni ya nani, kaa na hao BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo, wakueleze.

Warumi 13 nimeisoma tena usiku. Watu wenye vyeo wanaipenda ile sura lakini wengi wanaishia mstari wa pili, pale panapokataza kushindana na mamlaka. Endelea mama. Mstari wa nne unasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa faida ya yule anayetawaliwa. Yani ile sura inakuhusu wewe mwenye kitambulisho kabla haijamhusu mvuvi. Ukifika wa nane na kuendelea ni kupendana tu, kwamba pendo halimfanyii jirani ubaya. Na Paulo aliwaandikia watu wa Roma Nero akiwa ndo mtawala, kwahiyo usiniambie wakuu wa siku hizi ni wagumu.

Mkuu wako mheshimu. Hilo nalisisitiza kwa sababu una mdomo, na huo mdomo sijui umeutoa wapi, mama yako anasema kwangu. Hata kama umemzidi elimu, fika kwa wakati, toa taarifa, ukikosolewa usinune. Akikutuma kuchukua hela kwa watu ndo unakataa, kwa adabu, mkiwa wawili, bila kwenda kumtangaza kwenye chai. Danieli wenzake walitafuta kosa kwenye kazi yake wakakosa, ikabidi wamtege kwenye maombi yake. Nataka na wewe wakutafute wakose.

Wale watoza ushuru na askari walipomwendea Yohana kule kwenye ubatizo hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia msizidishe, msidhulumu, mridhike na mishahara yenu. Hapo kwenye mshahara ndo napaogopa kuliko pote. Nyie waajiriwa wapya mkipata barua tu watu wa mikopo washafika, kochi, tivii, simu kubwa, mwezi wa tatu mshahara unaingia umeshaliwa, na mtu ambaye mshahara wake umeliwa hawezi kukataa kitoweo. Mwaka wa kwanza usikope. Hao wa kausha damu ndo usiwapigie hata simu. Toa fungu lako la kumi, lipa kodi ya chumba, kula ugali na dagaa wa kununua, wa kununua mama, toa hela hata kama mtu anakuambia acha tu mkuu.

Tafuta kanisa jumapili ya kwanza, usisubiri kuzoea mji. Ukoo mzima hatujawahi kuwa na mtu wa serikali, jana nimepita kwa fundi injini nimemwambia mara mbili, akasema mzee ushasema.

Godoro limefungwa, litakuja na meli ya alhamisi, nenda mwenyewe bandarini usitume bodaboda. Mama yako kakuwekea karanga na ile kanga ya bibi. Presha yake imeshuka, dawa anameza. Mdogo wako anadai mchango wa mitihani, nitauza mbuzi yule mweusi, usijali.

Na lile bati la jikoni ambalo tulikuwa tunakuambia ukianza kazi utaezeka, mimi na mama yako tumeongea, tunalifuta. Shangazi zako wakikupigia na mambo yao waambie waongee na mimi. Mshahara wa kwanza nunua jaketi la kuokolea la kwako mwenyewe, zima, lenye filimbi, na ukituma picha umelivaa mama yako atalala.

Baba yako,
Igombe