Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Marafiki wa Maktaba, Dodoma, 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka 2025. Hesabu atazisoma mweka hazina, na mahudhurio ya vikao yamo katika kabrasha la katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nitakaa kwenye jambo moja ambalo kamati yenu ililijadili kwa muda mrefu kuliko mengine yote: maktaba ya umma katika jiji hili inamhudumia nani hasa, na je, sisi tunaojiita marafiki zake tumekuwa tukimsaidia mtu huyo, au tumekuwa tukitafuta pa kupeleka vitabu vilivyojaa majumbani mwetu?

Swali hilo lilianzia kwenye maboksi. Mapema mwaka huu tulipata taarifa ya shehena ya vitabu kutoka kwa mfadhili mmoja wa nje, tukaipokea kwa shangwe, tukalipia usafiri wake kutoka Dar es Salaam kwa fedha za ada zenu. Tulipofungua tulikuta miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia tena, vitabu vya kodi vya nchi nyingine, na hadithi za watoto wanaoteleza kwenye theluji. Sina ugomvi na theluji. Mtoto wa Chang'ombe ana haki ya kuisoma kama mtoto mwingine yeyote. Hata hivyo, katika maboksi yote hayo hapakuwa na kitabu hata kimoja cha Kiswahili, na mkutubi, kwa upole wake, alituuliza aondoe vitabu gani rafuni ili hivi vipate nafasi. Tulinyamaza. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulilipa nauli kabla ya kuomba orodha.

Baada ya hapo kamati ilikubaliana kwamba kila mjumbe ashinde siku moja katika chumba cha kusomea, aketi kama msomaji wa kawaida na kuangalia watu wanafanya nini. Tulichokiona kilitushangaza, ingawa wakutubi walikuwa wakikijua siku zote. Sehemu kubwa ya walioingia walikuja na vitabu vyao wenyewe mkobani, pamoja na madaftari na mitihani ya miaka iliyopita. Walichokifuata ni meza, kiti, mwanga na ukimya. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ana maktaba yake kule mlimani; wa Chuo cha Mipango na wa Chuo cha Elimu ya Biashara wana zao. Anayeketi kwetu kutwa nzima, mara nyingi, ni mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la shule wala la chuo chochote, na nyumbani anakoishi hakuna meza, au meza ipo lakini ndiyo inayotumika kuuzia maandazi.

Waliotunga sheria ya huduma hii walimfikiria mtu kama huyo. Sheria ya kwanza ya kuunda bodi ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado changa. Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Na sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania sura tunayoijua, yenye jukumu la kufikisha huduma mikoani. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mara ya mwisho mwaka 2022, inasema mlango uwe wazi kwa wote bila kujali umri, kabila, jinsia, dini, lugha wala hali ya mtu. Maneno hayo ni rahisi kuyasoma mkutanoni. Ugumu wake unaonekana katika jiji ambalo sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 na ile ya 2022 ikahesabu 765,179, huku vyumba vya kusomea vikiwa havikui kwa kasi ya nyumba za Nkuhungu, Ilazo na Nzuguni.

Naomba niwaeleze zaidi kuhusu watahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu ndio tuliokutana nao wengi kuliko tulivyotegemea. Wapo wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, na wapo ambao hawakupata kuingia sekondari kabisa, wanaoanza na Mtihani wa Maarifa, ule ambao wengi tunauita QT, ili wapate kibali cha kufanya huo wa kidato cha nne. Dereva wa bodaboda mmoja alikuwa akija asubuhi baada ya abiria wa kwenda kazini kupungua, anasoma Jiografia mpaka mchana, kisha anarudi kijiweni. Dada mmoja wa kazi za ndani alikuwa na ruhusa ya Jumamosi tu, na alituambia kwamba Jumamosi hiyo hawezi kuitumia kanisani wala sokoni mpaka Novemba ipite. Hawa hawana mwalimu wa kuwaambia kitabu kipi kinafaa, na hapo ndipo kazi ya mkutubi inapozidi ile ya kupanga vitabu: anamkalisha mtu, anamwonyesha muhtasari wa somo, anamwambia aanzie wapi.

Jambo hili lina mtego wake, na wanachama walio walimu watanielewa. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na tangu hapo shule na familia nyingi zimekuwa zikituletea vitabu vya kiada vya zamani kama msaada. Baadhi ya wajumbe walishauri tuvikatae vyote. Mimi nilipinga, na bado napinga kwa sasa, kwa kuwa mabadiliko yanakwenda kwa awamu na yapo madarasa ambayo hayajafikiwa. Kitabu kilichopitwa na wakati kwa mtoto wa darasa la tatu bado kinaweza kuwa ndicho anachokihitaji mtahiniwa aliyeanza safari yake kwa muhtasari wa zamani. Tulichokubaliana ni kwamba kila kitabu cha namna hiyo kibandikwe karatasi mbele inayosema ni cha mtaala upi, na kazi hiyo imefanywa na wanachama wastaafu ambao nawashukuru kwa dhati, maana gundi na vumbi la Agosti havipatani.

Kulikuwa pia na hoja ya kurudufu vitabu vya kiada vilivyo adimu, kitabu kizima, ili kila mtahiniwa apate nakala. Waliotoa hoja walikuwa na nia njema. Hata hivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na chama kinachotaka waandishi wa Kiswahili waandike hakiwezi tena kuwa ndicho kinachowanyima jasho lao. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake mtandaoni, na kuwafundisha wasomaji namna ya kuvifikia kwa simu kumetugharimu muda tu. Kwa vilivyobaki tutanunua nakala halali, chache lakini zinazosomeka.

Kundi la pili ni la watu wazima wanaokuja na karatasi mkononi. Mzee mmoja wa Makole alikuja na hati ya kiwanja ya miaka 33, zile zilizotolewa enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji wote tunaiita CDA. Mamlaka hiyo iliundwa mwaka 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipopitishwa, ikavunjwa mwaka 2017, na utaratibu ukabadilika kuelekea miliki ya miaka 99. Mzee alikuwa ameambiwa mambo matatu tofauti na watu watatu tofauti barazani, akataka kusoma mwenyewe. Mkutubi si wakili na hakujifanya wakili. Alimletea Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, akamwonyesha sehemu inayohusu miliki, akamwelekeza na ofisi ya kwenda kuuliza. Mzee alisoma kwa saa mbili, akanakili vifungu kwa mkono wake kwenye daftari la mjukuu, akaondoka akiwa na maswali aliyoyaandika.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu kwa mujibu wa sheria, na hilo linatupa sababu ya kujaza rafu ya sheria kuliko zamani, wakati raia wengi walikuwa wakiishia kwenye jalada kwa kuwa ndani ni Kiingereza. Toleo la Urekebu wa Sheria la mwaka 2023, yaani sheria za nchi zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika Julai 2025, kwa hiyo nakala za zamani zilizobaki zinapaswa kuwekwa alama ili msomaji asijenge hoja yake juu ya kifungu kilichobadilika. Jambo hilo bado hatujalifanya, nami nalitaja ili mniulize mwakani.

Kuhusu vijana wanaotafuta ajira nitasema machache. Maombi ya kazi serikalini, ya mikopo ya elimu ya juu na ya vyuo yanafanyika kwa mtandao, na asiye na kompyuta hulipa steshenari kila ukurasa, wakati mwingine hata kulipia makosa ya anayemchapia. Wanachama wetu vijana wamekuwa wakikaa nao Jumamosi kuwafundisha kujaza fomu wenyewe. Naomba waendelee.

Saa ya hadithi za watoto imekwenda vizuri kuliko shughuli yetu nyingine yoyote, na sifa zake ni za bibi mmoja mwanachama kutoka Ihumwa. Tulikuwa tumepanga kusoma vitabu kwa sauti. Siku ya kwanza watoto walianza kusinzia kabla ya ukurasa wa tatu, bibi akafunga kitabu, akasema "Kitendawili!", na chumba kizima kikaitika "Tega!" Baada ya vitendawili aliwasimulia hadithi ya Kigogo kwa Kiswahili, akiacha nyimbo zake katika Kigogo, na watoto wa watumishi waliohamia hapa kutoka kila mkoa wakaziimba kama wazaliwa wa Hombolo. Ndipo akafungua kitabu tena, na safari hii wakasikiliza. Wakubwa kidogo wamejifunza kwamba namba iliyo mgongoni mwa kitabu ni anwani, na kwamba fasihi ya Kiswahili inaishi 896.392, sasa wanashindana nani ataifikia kwanza, jambo ambalo wakutubi wanalipenda na hawalipendi. Tumelazimika kuweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kwa sababu hapa kwetu mtoto asiyekula ubuyu hayupo, na rangi ya ubuyu haitoki kwenye karatasi.

Tulichoshindwa kabisa ni huduma kwa wasioona. Shule ya Buigiri iko jirani tu, wilayani Chamwino, na wanaohitimu huko hawaachi kupenda kusoma. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulilenga kuondoa kikwazo cha hakimiliki katika kutengeneza vitabu vya nukta nundu na vya kusikiliza. Kikwazo chetu ni fedha na ujuzi. Tulianza kurekodi hadithi kwa simu, tukaacha njiani.

Kuna pia rafu ya Dodoma yenyewe, ambayo kamati inaomba ianze upya. Mathias Mnyampala alizaliwa hapa Ihumwa mwaka 1917, akaandika historia na desturi za Wagogo ikachapishwa mwaka 1954, na ndiye aliyekuza ngonjera tulizozikariri shuleni. Lakini vijana wengi wa mji huu humjua kwa swali la mtihani tu, kama wanamjua. Wenye magazeti ya zamani, picha za mji kabla ya Bunge kujengwa, au barua za wazee kuhusu mwaka wa njaa, wasizitupe wala kuziacha kwenye masanduku ya mbao, kwa kuwa mchwa wa Dodoma hawachagui. Tutazinakili kwa picha na kuwarudishia.

Kutokana na yote hayo, kamati inaleta hoja mbili. Ya kwanza, chama kisipokee wala kulipia usafiri wa kitabu chochote ambacho hakimo katika orodha ya mahitaji iliyoandaliwa na wakutubi wenyewe, hata kama mtoaji ni mwanachama mwenzetu, na nikiri kwamba hoja hii itanigusa mimi kabla ya wengine. Ya pili, sehemu kubwa ya fedha za mwaka ujao inunulie viti, meza na taa za chumba cha kusomea, na iliyobaki ndiyo inunulie vitabu vya watahiniwa wa kujitegemea. Najua baadhi yenu mtasema chama cha vitabu kimegeuka chama cha samani. Ninawaomba mkashinde siku moja pale, wiki moja kabla ya mitihani ya Novemba, mhesabu wanaosoma wakiwa wamesimama.

Suala la kufungua maktaba saa za jioni halimo katika hoja hizi. Linahitaji mishahara, ulinzi na umeme, na hatuwezi kulibeba peke yetu. Kamati imeandika barua na inasubiri majibu.

Naomba hoja hizi mbili zijadiliwe kabla ya hesabu, kwa kuwa wajumbe wa Hombolo wanawahi gari la saa kumi.

Mwenyekiti